Kidonge cha Baada ya Mashine

Mjini, Jumapili, 3 Februari

Dada mpendwa, shikamoo.

Kabla ya yote nakuarifu kwamba hospitali hii sasa naiendesha mimi. Madaktari wananisaidia tu. Mkurugenzi ana ofisi yenye zulia, sikatai, lakini ukisimama kwenye korido ya wagonjwa wa figo ukauliza nani anajua mambo, hata paka wa jikoni atageuza shingo kunitazama. Jina langu la zamani limekufa. Hapa naitwa Profesa, na aliyenipa cheo hicho ni mgonjwa mwenye akili zake timamu, tena mwalimu mstaafu, kwa hiyo usiseme nimejipa mwenyewe.

Siku uliponiachia Baba nilikusikia ukimwambia jirani kwamba umemkabidhi fisi bucha. Ulidhani nimelala. Basi fisi anakuandikia: bucha iko salama na nyama imenenepa.

Nikueleze utaalamu polepole, maana wewe ni mchomea vyuma, umezoea vitu visivyojibu. Figo za Baba zimegoma, hilo unalijua. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa analazwa kwenye kiti kirefu, damu inatoka kwa ule mrija wa shingoni, inaingia kwenye mashine, inafuliwa, inarudi. Yaani Mzee anafuliwa mara tatu kwa wiki na shati langu hata mara moja, lakini tuache hilo. Juzi pale mrija unapoingilia kwenye ngozi pakawa pekundu, pakatoa usaha. Daktari akasema ni bakteria, akampa vidonge.

Muuguzi wa zamu tunamwita Sista Saa, kwa sababu amejibandika saa kifuani na anaitazama kuliko anavyotazama watu. Akaniambia kidonge kinamezwa baada ya mashine, siku zote baada, kamwe si kabla, maana mashine haina macho: inaosha uchafu na dawa pamoja. Aliyarudia mara tatu. Nikamwambia Sista, hata mbuzi angeelewa kwenye mara ya pili. Akasema ndiyo maana mimi amenipa na ya tatu.

Tunakusubiri mwezi wa nne na hiyo figo yako. Daktari ana sharti moja tu: siku hiyo damu ya Baba isiwe na bakteria hata wa kusingiziwa. Ipe salamu figo ya kushoto, wanasema ndiyo watakayoichukua.

Nisisahau, kwa kinyozi wa mkabala na geti la hospitali nimeshafunga watu wote drafti. Kinyozi mwenyewe alikasirika akaacha kichwa cha mteja nusu.

Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji linalokuja huko kambini. Ikifika na vumbi, vumbi ni la kwake.

Mdogo wako,
Profesa


Kambini, darajani, 12 Februari

Bwana mdogo,

Marahaba. Barua imefika, saruji na maneno yako kwa pamoja. Saruji tumeitumia.

Profesa ni mtu aliyemaliza shule. Wewe shule ndiyo iliyokumaliza. Lakini kama wagonjwa wanacheka, waite wanavyotaka.

Sikiliza sasa, nimevua glavu ili niandike vizuri. Msimamizi amenipa ruhusa ya mwezi wa nne kwa shingo upande. Wachomeaji tuko wachache na kila mmoja anaitaka nafasi hiyohiyo. Nikiipoteza hii, hanipi nyingine mpaka pande mbili za daraja zikutane. Jana nilisimama katikati nikazitazama hizo pande mbili. Bado hata kusalimiana hazijaanza. Kwa hiyo Baba akiingiliwa na wadudu mwezi huo, mimi nitabaki huku na figo zangu zote mbili, na yeye atabaki huko na mashine, na hatujui mashine itamvumilia mpaka lini.

Kidonge baada ya mashine. Jumlisha na mara tatu za Sista, sasa ni nne.

Halafu nina swali dogo. Hiyo drafti unacheza saa ngapi?

Dada yako


Mjini, 20 Februari

Barua hii anasema Baba, naandika mimi Profesa. Maneno ya kwenye mabano ni yangu, kwa ajili ya masahihisho.

Binti yangu,

Mimi sijambo. (Kweli.) Kidonda cha shingo kimeanza kukauka. (Kwa usimamizi wangu.) Chumvi wameninyima, na maji napimiwa kikombe kama ndege wa kufugwa. Juzi niliota nakunywa bomba zima, nikaamka nimeshika kona ya mto. (Aliitafuna.)

Mdogo wako ananitunza vizuri ingawa anasema sana. (Si kweli.) Juzi alimfundisha daktari mwanafunzi namna ya kushika faili. (Alikuwa amelishika juu chini.)

Mwanangu, nimeshona viatu maisha yangu yote na sijawahi kumrudishia mtu kiatu cha kulia kwa mguu wa kushoto. Sasa hili la wewe kunipa figo naliona hivyohivyo. Mzazi ndiye anayetoa, mtoto anapokea. Nimeona aibu kusema, lakini nitasema: nataka kuishi. Nilidhani nimechoka, kumbe bado. Nataka niuone huo mwezi wa nne. (Hapa tulifuta macho wote wawili. Vumbi.)

Usiwe na wasiwasi na dawa. Mdogo wako hunipa kwa mkono wake mwenyewe, tena hunipa (Hapa Mzee alikohoa sana, sikusikia mwisho wake. Tusonge mbele.)

Wasalimie wenzako, na usipande juu bila kufunga mkanda.

Baba yako (kidole gumba ni chake, wino ni wangu)


Kambini, 28 Februari

Bwana mdogo,

Baba hana kikohozi. Tangu nizaliwe sijamsikia akikohoa, hata siku ile alipomeza msumari wa kiatu. Tena hukujibu lile swali la drafti.

Hunipa NINI?

Dada yako


Mjini, 10 Machi

Dada, shikamoo.

Kama uko juu ya daraja, shuka kwanza. Umeshuka? Kaa. Baba yuko hai. Nimeanza na hilo ili usiruke mistari.

Ijumaa baada ya mashine alishikwa na baridi juani, akatetemeka mpaka meno yanaimba. Bahati nzuri alikuwa na Mama Mapacha, yule ambaye mumewe anatumia kiti cha jirani na wanakaa mtaa wetu. Wako kwenye teksi kwenda nyumbani, mama huyo akamwambia dereva ageuze. Walivyomrudisha, homa ilikuwa kali kiasi kwamba Sista Saa alisahau kutazama saa. Wakamtoa damu, wakaipeleka maabara kuiotesha, maana damu nayo inaoteshwa kama mbegu. Ikaota.

Ni bakteria walewale wa shingoni, Dada, isipokuwa sasa wameelimika. Daktari alinieleza kwamba dawa ikiwafikia nusunusu haiwaui, inawafundisha. Wanyonge wanakufa, wajanja wanabaki, wajanja wanazaa wajanja. Wanaitwa bakteria sugu. Ile dawa yetu ya vidonge wakiiona wanaipisha njia wanaendelea na mambo yao. Na kwa mtu wa mashine ni mbaya zaidi, kwa sababu mwili wake hauna nguvu ya kupigana, halafu kuna mrija, yaani mlango uko wazi na ngazi wamewekewa. Nikawaza: mimi niliacha shule darasa la sita, wadudu wamekaa shingoni mwa baba yangu mwezi mmoja wakatoka na shahada.

Wameung'oa ule mrija, wamemwekea mwingine pajani. Wanampa dawa nyingine kali kwa sindano, mwishoni mwa kila mashine. Yuko chumba cha peke yake, mashine yake mwenyewe, na mlangoni pana karatasi nyekundu. Ukitaka kuingia unavaa gauni la njano, glavu na barakoa, na unanawa kabla na baada mpaka ngozi inaomba msamaha. Gauni langu ni fupi mbele na refu nyuma. Baba aliponiona mara ya kwanza, na homa yake yote, aliuliza bi harusi ametokea wapi.

Ulichotaka kujua hujakisoma bado, najua. Upasuaji wa mwezi wa nne umefutwa. Daktari anasema hata wewe ungekuja na figo kumi kwenye kapu, hawezi kuweka figo kwenye damu yenye wadudu, tena akishaiweka lazima ampe dawa za kuulaza ulinzi wa mwili, na hapo wadudu wangefanya sherehe. Mpaka damu itakate.

Sijui waliingilia wapi. Inaweza kuwa vitasa vya milango, vinashikwa na kila mtu. Inaweza kuwa yule mwalimu mstaafu, anapiga chafya bila adabu. Mwenyewe namshuku mfagizi.

Daktari aliuliza mbele ya wote kidonge kilikuwa kinamezwa wakati gani. Nikasema, "Kama alivyoagiza Sista." Sista Saa akaitazama saa yake muda mrefu sana, kana kwamba saa ndiyo iliyosema.

Mdogo wako,
Profesa


Hospitali, 13 Machi

Kwa binti yangu,

Hii naandikiwa na muuguzi, huyo mwenye saa, kwa sababu karatasi nikiishika mimi haitoki chumba hiki. Mdogo wako hajui kama nakuandikia. Amekwenda kuninunulia sabuni.

Nataka ujue mwenye makosa. Ni mimi. Vidonge vile vilikuwa vichungu na vikubwa kama vifungo vya koti, nikavikataa. Mdogo wako alinibembeleza, akanitishia, mpaka akaniimbia. Vingine nilivificha chini ya ulimi nikavitema. Unanijua ukaidi wangu, mama yenu aliusema mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo ukiwa na hasira nitumie mimi, zifike kwa anwani sahihi.

Mimi na hawa wadudu bado tunazungumza. Leo homa imeshuka kidogo.

Baba yako

(Mimi muuguzi nimeandika nilichoambiwa niandike. Hakuna aliyeniambia niamini.)


Kambini, 23 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua mbili kwa siku moja, yako na ya Baba. Naam, ameniandikia, kwa mkono wa yule Sista wenu, na amesema yote. Kwamba alikuwa anatema vidonge. Kwamba wewe ulimbembeleza mpaka ukamwimbia. Wewe, uimbe? Sauti yako naijua, ingekuwa mimi ningemeza hata chupa.

Nimekasirika na yule mzee mpaka leo nimechomelea bomba upande usio wake. Binadamu anataka kuishi, anasema anataka kuishi, halafu anatema! Mwambie simwandikii. Mwambie hivyo hivyo. Kisha uniambie kama amekula.

Ruhusa nimeipoteza. Nilimwomba msimamizi aisogeze mbele, akaniambia ruhusa si turubai. Amempa fundi mwingine, anakwenda kuoa. Mimi mpaka pande mbili zikutane, na mto umejaa, kazi inakwenda kwa kusuasua. Sijui kama Baba atangoja. Nalala nikihesabu vyuma vilivyobaki, kisha naacha kuhesabu.

Lakini nina deni kwako la maneno na nitalilipa. Nilikudhania vibaya. Niliposoma lile la kukohoa nilisema moyoni, huyu kuna analoficha, huyu amempa mzee dawa anavyojua yeye. Ile ya fisi na bucha nisamehe. Jana jioni mezani nimewaambia wachomeaji wote kwamba nina mdogo wangu wa kiume anayemtunza baba yetu kuliko muuguzi, na kwamba wanamwita Profesa, na kwamba mimi pia kuanzia leo namwita hivyo. Waligonga meza kwa nyundo. Ungekuwepo.

Kaa naye, Profesa. Usichoke.

Dada yako


Mjini, 3 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ya kwanza ilikuwa na majigambo ukurasa mzima, nzuri sana, ningependa uisome siku moja. Nilieleza jinsi wauguzi wanavyokuja kuniuliza namna ya kunawa. Nimeichana.

Habari njema kwanza. Baba amekula, tena amedai chumvi. Homa imekwisha. Damu waliyoiotesha mara ya pili haijaota kitu. Daktari amesema dawa ya sindano iendelee mpaka mwisho wake, halafu wataotesha tena, na ikiwa kimya hivyohivyo basi mlango uko wazi siku daraja lako litakapokuruhusu. Sista Saa alinipa habari hiyo mwenyewe, akatabasamu. Ana mwanya. Hakuna aliyekuwa anajua.

Kwa hiyo ningeweza kunyamaza. Mzee anapona, wewe unanisifu, wachomeaji wamegonga meza. Nilikwenda na barua yako mpaka chumbani, nikavaa lile gauni, nikaisoma kwa sauti nikiwa mlangoni ili karatasi isiguse kitu. Nilipofika kwenye "alikuwa anatema" nikasimama. Baba alikuwa anatazama dari.

Nikamwuliza kwa nini amesema vile. Akasema, "Mimi dada yako atanikasirikia mwezi mmoja. Wewe angekukasirikia maisha yenu yote, na mimi sitakuwepo kuwapatanisha." Halafu akaniambia nifunge mlango, baridi inaingia.

Dada, Baba hakutema kidonge. Hata kimoja. Kila nilichompa alimeza, na maji yake ya kikombe, na akaniambia asante. Mimi ndiye niliyempa kabla.

Usinitetee kwamba sikuelewa. Nilielewa mara ya kwanza, ile ya tatu ilikuwa ya bure. Mwanzoni nilimpa baada, kama nilivyoambiwa. Lakini wewe hujamwona Baba baada ya mashine. Kabla ya mashine ni Baba, anasema viatu vya daktari vimeshonwa na adui. Baada ya mashine wananiletea mzee mdogo, wa kijivu, anayetapika kwenye kiganja changu. Siku moja aliniegemea begani pale kwenye benchi, akaniita kaka, akaniuliza kama mama amekwisha kufunga duka. Mama yetu, Dada. Nilimwambia ndiyo, amefunga. Akaniuliza mbona hajafika.

Siku ya mashine iliyofuata nikampa kidonge asubuhi, tukiwa tunasubiri, akiwa bado anatania watu. Nikajiambia dawa ni dawa, tumboni itajua njia. Kisha nikamwomba Mama Mapacha awe anarudi naye, kwa kuwa teksi ni moja na mtaa ni mmoja, nikamwambia nimepata kazi ya mchana. Nikavuka barabara kwa kinyozi. Hayo ndiyo majibu ya swali lako: drafti nilikuwa nacheza saa ambayo Baba anatoka kwenye mashine. Kila mara. Mpaka vidonge vikaisha.

Na hiyo drafti yenyewe sijamfunga mtu tangu nianze. Kinyozi ananifunga mpaka siku hizi ananiachia kete mbili kwa huruma.

Sista nimemwambia jana. Nilimngoja amalize zamu, nikamwambia yote nikitazama saa yake badala ya uso. Akasema alijua tangu siku ya homa, ila alikuwa anangoja aone kama kuna mtu ndani ya Profesa. Akaniandikia zamu: mashine ikizimwa, mimi ndiye nakaa na Baba, si mwingine. Jana nilikaa. Alitapika, akanisahau, akaniuliza tena habari za duka. Nilikuwa naogopa vilevile. Sikwenda popote.

Waambie wachomeaji warudishe yale makofi ya nyundo. Bakteria wale hawakutoka kwenye vitasa, wala kwa mfagizi, na mwalimu mstaafu chafya zake hazina kosa ila kelele. Niliwasomesha mimi. Mwezi wako wa nne nimeula mimi.

Na siku ile ya barua ya mabano, Dada, Baba hakukohoa.

Mdogo wako